Mvua ya Kwanza Kasongo

Historia ya Kasongo kama tulivyofundishwa shuleni inanuka baruti tangu ukurasa wa kwanza. Inaanza na misafara ya pembe, inapita kwa mfanyabiashara Tippu Tip, inafika kwenye vita vya 1892 hadi 1894, halafu bendera ya mfalme Leopold wa Ubelgiji inapandishwa na somo linakwisha. Mimi mwenyewe nimeifundisha hivyo kwa miaka mingi, kwa kuwa ndivyo programu ilivyotaka. Lakini hakuna mji ulioishi kwa bunduki tu. Watu walilala, walipika, walipanda michungwa nyuma ya nyumba, walingoja mvua. Hapa nataka kuandika historia ya huko nyuma ya nyumba, hasa ya zile wiki za Septemba na Oktoba ambapo kiangazi kinakatika, na nyumba ya mtu wa Maniema, hata iwe ya chumba kimoja, inageuka mahali pazuri kuliko pote.

Sisi wa kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, tuko chini ya ikweta, kama digrii nne na nusu. Kiangazi chetu ni Juni, Julai na Agosti. Majani yanachomwa, moshi unatanda, jua linakuwa jekundu kabla halijafika magharibi, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wazungu wana machipuko yao baada ya baridi. Yetu yanakuja baada ya vumbi. Ikinyesha mvua moja tu ya maana, mahali palipokuwa na majivu meusi panaota majani mabichi. Matembele yanafufuka nyuma ya jiko, lengalenga inaota bila kupandwa, mihogo inatoa majani malaini ambayo kila mpishi wa sombe anayangojea. Shambani kazi ni nyingi, kwa sababu ndio wakati wa kusia mpunga na kupanda mahindi, lakini mvua ya mchana humrudisha kila mtu nyumbani atake asitake. Na mtu aliyerudishwa nyumbani na mvua hana wa kumlaumu. Anakaa.

Je, watu wa zamani walikaaje? Kwa upande wa Kabambare, nilikozaliwa, tuna shahidi mmoja wa ajabu. David Livingstone alifika huko tarehe 21 Septemba 1869, mvua zikiwa zinaanza, akifuatana na wafanyabiashara wa pwani. Yeye aliuandika mji Bambarre. Si kila alichosema juu ya watu wetu ninachokikubali, ila kwa habari za nyumba alikuwa mtazamaji mwema. Aliona kwamba katika vijiji vya Maniema barabara mara nyingi zimeelekezwa toka mashariki hadi magharibi ili jua likaushe tope haraka baada ya mvua. Nyumba zilipangwa kwa mstari, na mwisho wa barabara kulikuwa na nyumba za mikutano. Mapaa yalikuwa ya majani mapana kama ya mgomba, yameshonwa vizuri. Ndani palikuwa safi, kitanda kimeinuliwa juu ya jukwaa katika chumba cha ndani, na kuni zimejaa kwenye machaga. Akaongeza jambo ambalo wanafunzi wangu hulifurahia sana: kwamba kunguni hawakujulikana katika nyumba hizo mpaka walipofika watu wa misafara.

Soma tena habari ya kuni. Mgeni anaweza kuipita haraka, lakini mwanamke wa kwetu anasimama hapo hapo. Uchaga wa kuni juu ya mafiga ndiyo akiba ya nyumba. Kuni zinakatwa wakati wa kiangazi, zinapangwa juu, moshi wa kila siku unazikausha mpaka ukigonga kipande kimoja kwa kingine vinalia. Nyanya yangu wa Kabambare alikuwa na uchaga wa namna hiyo, na hakumruhusu mtu kuugusa mwezi wa Agosti hata kama kuni za nje zimekwisha, tulitumwa porini. Mvua ya kwanza ikipiga, jirani wote wanapuliza moto wa kuni mbichi na macho yanawatoka machozi, yeye anashusha vipande vitatu tu na chungu kinachemka. Aliketi kwenye kigoda mgongo ukielekea mlango, uso ukielekea moto, na sikumwona akiwa na raha kama ile katika siku nyingine yoyote ya mwaka. Ninaposoma daftari za Livingstone najua kwamba raha hiyo ilikuwako 1869, na aliyeikuta hakuileta yeye wala wenzake wa pwani.

Mwaka uliofuata Livingstone mwenyewe alijifunza Kabambare ni nini kukaa nyumbani. Alirudi hapo tarehe 22 Julai 1870 akiwa na vidonda vya miguu vilivyokula nyama hasa, akajifungia kibandani siku 80. Alisaga jiwe la kijani la malakiti, linalotoka Katanga, akalichanganya na maji na kupaka vidonda kwa unyoya. Alipokuwa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Tarehe 10 Oktoba alitoka nje. Kwa hiyo mtu huyo, ambaye ulimwengu mzima unamkumbuka kwa kutembea, alimaliza kiangazi cha mji wetu akiwa ndani, na siku aliyovuka kizingiti ilimkuta na majani mapya. Watalii wachache wanaofika huuliza alipita wapi. Mimi ningewaonyesha kwanza alipokaa.

Kasongo ni habari nyingine. Kasongo ya zamani haikuwa hapa ilipo leo; ilikuwa pale tunapopaita Tongoni. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliweka makao yake huko katika miaka ya 1870, na alipoondoka 1890 kurudi pwani, mwanawe Sefu ndiye aliyekuwa mkubwa wa mahali. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa Unguja mwaka 1905, na kitabu hicho kimejaa safari, pembe, vita na madeni. Nyumba yake ya Kasongo, jiko lake, bustani yake, hayo hayakumshughulisha. Wanaume wakubwa husimulia njia.

Ajabu ni kwamba aliyetupa picha ya nyumba hizo ni adui aliyeziteka. Jeshi la Dola Huru la Kongo, yaani la Leopold, chini ya Francis Dhanis liliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, likiwa na wapiganaji wa chifu Ngongo Lutete. Mji ulianguka ghafla, wenyewe wakakimbia bila kubeba kitu. Daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Langford Hinde, aliandika alichokikuta. Maghala yalijaa mchele, kahawa na mahindi. Palikuwa na michungwa ya machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, ndizi. Ndani kulikuwa na vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, vyandarua vya hariri, mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo. Chumba alichojitwalia yeye kilikuwa na mlango unaofunguka kwenye bustani ya michungwa. Na nje ya mji, anasema, alipita juu ya mnyama katika shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kulimaliza.

Nimewapa wanafunzi ukurasa huo mara nyingi, na kila mara darasa linagawanyika. Wengine wanajivuna: mji wetu ulikuwa na hariri! Wengine wananyamaza. Wanaonyamaza nawaelewa zaidi. Shamba la kupitwa kwa saa moja na nusu halikulimwa na mwenye kitanda cha hariri. Lililimwa na watu waliotekwa vijijini, Wazimba, Wabangubangu, Wakusu, na wengine waliotolewa mbali zaidi, wanawake wengi wakiwamo, ambao hawakuchagua kuwa pale. Msitu ulifyekwa kwa mikono yao, kila Septemba waliinama na mbegu, na mlango uliofunguka kwenye michungwa haukufunguliwa kwa ajili yao. Mtu asiniambie kwamba waungwana wa pwani walituletea mchele. Walileta mbegu na amri. Mchele ulitoka mikononi mwa waliolima.

Na hao ndio waliobaki. Sefu aliuawa vitani mwaka ule ule wa 1893. Rumaliza, mkubwa mwingine wa pwani, alishindwa Januari 1894, na Kabambare ikatwaliwa. Wakubwa wa pwani walikufa au wakakimbilia Tanganyika. Waliolima mpunga walibaki na jembe, na Kiswahili, na wengi wao na Uislamu, na miche ya michungwa. Ndipo kitu kilichokuwa cha bwana kikawa cha kila nyumba. Leo hakuna sherehe Kasongo bila wali, iwe ndoa, iwe Maulidi, iwe Krismasi kwa majirani zetu wa parokia. Ua wa mama mkwe wangu una mchungwa mmoja, mpera mmoja na mwembe mmoja. Hajui nani aliuotesha mchungwa wa kwanza katika ukoo, ila anajua kwamba mama yake alimpa mche, na mama yake alipewa na mama yake. Ukihesabu miaka kurudi nyuma, hufiki mbali na Tongoni.

Kahawa nayo ilikuwa katika maghala ya 1893, na hapa naomba nipumzike kidogo kwenye jambo moja. Watu wanadhani kahawa ni kitu cha Uarabuni peke yake. Ile aina inayoitwa robusta, inayonywewa leo sehemu nyingi za dunia, ilitambulishwa kwa wakulima wa bustani Ubelgiji kutoka upande wa Lomami, jirani zetu wa magharibi, na kufikia 1901 ilikuwa imepelekwa Java. Kwa hiyo mzee wa Kasongo anapokunywa kikombe barazani wakati mvua inapungua, hanywi kitu cha ugenini. Mama mkwe wangu huzikaanga punje mwenyewe, katika kikaango cha udongo, akizigeuza kwa kijiti, na huzitoa zikiwa bado za kahawia, kabla hazijawa nyeusi. Anasema nyeusi ni ya kuuza.

Lakini raha iliyo ya kale kuliko zote, ambayo haikuletwa na msafara wala meli, ni kumbikumbi. Hao hawana historia ya maandishi, nami siwezi kukupa mwaka. Naweza kukueleza wanavyokuja.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza au ya pili, jioni ikiwa haina upepo, ardhi inapumua. Kule Kabambare kila kichuguu kikubwa kina mwenyewe, na mpaka wake unaheshimiwa kama wa shamba. Mwenye kichuguu anachimba shimo pembeni, anafunika kichuguu kwa majani ya mgomba, anaacha tundu moja kuelekea shimoni na kuweka mwenge hapo. Wadudu wanatoka, wanafuata mwanga, wanaanguka. Mjini ni rahisi zaidi: taa, na chini yake beseni la maji. Watoto wanaokota wale waliokwisha kudondosha mabawa, na nusu ya wanaookotwa haifiki kwenye beseni, maana wanaliwa wakiwa hai, watamu, wenye mafuta.

Kesho yake asubuhi ndiyo kazi ya jikoni. Sufuria kavu, moto mdogo, bila tone la mafuta kwa sababu wana yao wenyewe. Kwanza wanatoa maji na kushikamana. Unawageuza bila kuacha. Halafu unasikia sauti ikibadilika, wanaanza kulia sufuriani, na harufu inatoka mpaka barabarani. Hapo unatia chumvi, unaepua, unawamwaga kwenye mkeka wapoe, na ndipo mama mkwe wangu anaponiita: "Leta ungo, mama, kabla upepo haujageuka." Anapepeta. Mabawa yanaruka uani, mengi, mepesi, yanang'aa, kuku wanayakimbilia na kuyaacha. Wanaobaki kwenye ungo ni wazito na wekundu. Wengine wanaweka pilipili. Wengine wanawaanika wapate kukaa hadi Desemba. Kwa ugali wanafaa, kwa wali wanafaa, kwa mkono mtupu barazani wanafaa zaidi. Katika nyumba yetu hakuna anayeruhusiwa kula kabla sahani ya jirani haijapelekwa, na jirani naye huwa ameshatuma ya kwake, kwa hiyo sahani mbili hukutana njiani mikononi mwa watoto wawili.

Serikali ya Wabelgiji haikuzipenda sana wiki hizi za watu kukaa nyumbani. Mwaka 1917 ilitoka amri ya kilimo cha lazima, na Maniema pamoja na Uele ndizo zilizotangulizwa katika pamba. Kila mwanaume mwenye nguvu alidaiwa siku 60 za kazi hiyo kwa mwaka, na aliyekosa alijua gereza. Kalenda ya mvua, ambayo hapo awali ilikuwa ya wazee na ya vichuguu, ikawa ya mwagronomi na daftari lake. Wazee wa Kabambare waliotusimulia habari za pamba walipokuwa bado hai hawakusema sana juu ya mijeledi. Walisema juu ya muda: kwamba mvua ilianza na mtu hakuwa kwake.

Na barabara ikahamisha nyumba. Vijiji viliondolewa vilipokuwa, vikapangwa kando ya barabara ya gari ili vihesabiwe na vikaguliwe kwa urahisi. Yale maelekezo ya mashariki na magharibi ambayo Livingstone aliyaona, ya kulipa jua nafasi likaushe tope, yakafa hapo. Barabara ikipinda, kijiji kinapinda nayo. Siku ya mvua utaona katika vijiji vingi kati ya Kasongo na Kabambare maji yamesimama mbele ya milango mpaka alasiri. Watu wanadhani hiyo ni tabia ya nchi. Ni uamuzi wa ofisi, na babu zao walikuwa wanajua namna bora.

Uhuru ulikuja, na vita navyo. Mwaka 1964 waasi wa Simba walishika Maniema, na vijiji vikahamia msituni. Tangu 1998 hadi 2003 vita vilirudi vikali zaidi, na Kasongo ikakatwa na dunia kiasi kwamba chumvi na sabuni vilifika kwa baiskeli zilizosukumwa na watu wakienda kwa miguu siku nyingi. Huko Kabambare, upande wa Salamabila, familia zimekimbia tena na tena katika miaka ya karibuni kwa ajili ya makundi yenye silaha. Mtu anayekimbia Septemba hapotezi nyumba peke yake. Anapoteza mbegu, na kuni zilizokaushwa, na kichuguu chenye mwenyewe. Nimepokea ndugu zangu katika hali hiyo, na jambo walilolitaja kwanza, kabla ya mali, lilikuwa kwamba mvua imewakuta chini ya paa la mtu mwingine.

Ndiyo maana sikubali kwamba habari hizi ni ndogo. Kitu ambacho watu wanakililia wakiwa wakimbizi ndicho kilichokuwa maisha yao. Wanaakiolojia wameanza kuelewa. Noémie Arazi na wenzake, Wakongomani wakiwamo, walifanya utafiti Tongoni na kukusanya kumbukumbu za wakazi. Matokeo yalichapishwa 2020. Wametusaidia sana. Lakini mchanga unatunza vigae na shanga. Hautunzi namna ya kupanga kuni, wala ni nani alimpa nani mche wa mchungwa, wala mpaka wa kichuguu. Hayo yako vichwani mwa wanawake wenye umri wa mama mkwe wangu, na kila kiangazi tunazika baadhi yao.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Kasongo na Kabambare, walioko huku na walioko Kindu, Bukavu, Lubumbashi au ng'ambo. Mvua ya kwanza ikianza mwaka huu, keti na nyanya yako au umpigie simu. Muulize nyumba ya mama yake ilitazama wapi, uchaga ulipangwaje, mti wa uani ulitoka kwa nani. Andika kwa Kiswahili hiki hiki cha kwetu, tia jina la kijiji na mwaka kama anaujua, na utunze daftari lenyewe mahali pakavu.